Dagaa Niliomkataza Mama

Shule niliishia darasa la nne, lakini waulize watu wa Ndagoni, hapa kisiwani Mafia, nani alikuwa wa kwanza kutandika marumaru kijijini. Mimi. Nanunua dagaa kwa wavuvi, nachemsha, naanika, nasafirisha bara kwa magunia. Sikubebwa na mtu.

Mama alinilea kwa dagaa haohao, tukiwatafuna na mifupa yao, kwa kisamvu cha nazi. Bahari ikipwa alishuka pwani na ndoo kuchokoa pweza, jua limemkaa kichwani. Nilipopata, nikasema basi, mama yangu habebi ndoo tena. Nikamwekea kochi, televisheni, mkate, biskuti, soda, kuku wa kukaanga.

"Baba, niletee japo dagaa kidogo," aliniambia. "Kinywa kimepooza."

"Mama, dagaa ni mzigo wa kuuza. Watu watasemaje?"

"Kwani watu ndio wanaokula?"

Nikacheka. Wanawake wakipita na ndoo zao walimtania dirishani: "Mama tajiri, hutoki? Au umewekwa eda ya ujane mara ya pili?" Mimi nilisikia sifa. Yeye alifunga dirisha.

Alikaa hivyo miaka saba. Mwaka jana, asubuhi, alikuwa anainuka kwenye msala baada ya kusali dhuha, nyonga ikavunjika. Hakuteleza. Hakuna aliyemgusa. Aliinuka tu.

Hospitalini muuguzi, binti mdogo, akaniamkia shikamoo, kisha akauliza, "Mama alikoma hedhi lini?"

Mimi ninayefokeana na manahodha bandarini, nilitazama ukuta. Mama akajibu mwenyewe: "Zamani, mwanangu. Huyu alikuwa hata hajaoa."

Binti akaeleza polepole kwamba mwanamke akishakoma hedhi mifupa yake huanza kupungua nguvu, na wengine huvunjika kwa jambo dogo tu. Ndiyo maana anahitaji maziwa, mboga za majani, dagaa wa kuliwa na mifupa yao, jua, na kutembea.

"Nyumbani anakula nini? Anatembea?"

Nikataja kuku. Nikataja soda.

"Lakini Mafia dagaa si wapo?"

"Wapo," mama akasema. "Mwenye dagaa ndiye huyu."

Hakuongeza neno, wala hajaongeza mpaka leo. Ningependa anitukane.

Sasa dagaa namchagulia mwenyewe, wazuri kuliko ninaowapeleka bara, namkaangia kwa mikono hii. Anakula, anasema ahsante baba. Anasali juu ya kiti. Kochi nimelitoa, lakini kulitoa hakukumsimamisha.

Bamvua likifika, maji yakaenda mbali kabisa, ananiita: "Leo wanashuka?"

"Wanashuka, mama."

Namsogeza na kiti chake mpaka dirishani. Wanawake wanapita na ndoo, wanamsalimia kwa heshima, sauti chini. Hakuna anayemtania tena.