Kitambaa Juu ya Skrini

Mimi si mtu wa kunyamaza nikishinda, kwa hivyo nitasema wazi: Jumamosi ile nilishinda, tena nikiwa jikoni nakanda unga wa chapati.

Nilikuwa nafundisha hesabu katika shule ya upili mjini Eldoret, miaka ile ambayo kompyuta ya nyumbani ilikuwa kibao chenye herufi tu, ukakiunganisha na TV yako ili uone unachoandika. Shule ilikuwa na mbili. Mwalimu mkuu alikubali tuzitumie kupanga matokeo ya mtihani wa moko, ule wa majaribio, ya shule zote za tarafa, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Kisha akaniambia, kwa upole ulioniudhi kuliko kelele, "Mwalimu, wazazi wakikuja Jumamosi na hiyo kazi haiko tayari, hizo vitu zinarudi stoo, na hiyo room naweka viti." Room hiyo ilikuwa darasa langu la kompyuta. Nilikuwa nimeipigania muhula mzima.

Kompyuta moja haingemaliza. Tukazipeleka nyumbani kwenye TV zetu, tukagawana kazi na mwalimu wa fizikia: nusu ya majina kwangu mtaa wa Kimumu, nusu kwake mtaa wa Huruma, kila mtu na kaseti yake yenye majina na alama, kisha tuunganishe.

Sasa, kompyuta zile zilikuwa na akili moja. Akili hiyo hiyo ndiyo iliyochora picha kwenye skrini, na ndiyo iliyopiga hesabu. Ikichora, hesabu zinangoja. Kulikuwa na amri ya kuzima picha mpaka kazi iishe, nami asubuhi hiyo niliiandika, skrini ikawa nyeusi tititi, nikaenda jikoni. Mwenzangu alikataa katakata. Alikuwa ametunga mistari ya kupanda na kushuka kwenye skrini kila jina likipata nafasi yake, na majirani walikuwa wamejaa sebuleni kwake wakishangilia kana kwamba ni mpira.

Niliporudi sebuleni niliikimbilia TV. Mama mkwe, aliyekuwa ametutembelea, alikuwa amefunika TV kwa kitambaa chake cheupe cha kushona kwa mkono.

"Mama, hiyo inafanya kazi!"

"Kazi gani na imezimwa? TV ikizimwa inafunikwa. Vumbi itaingia."

Nilikagua nyaya. Hakuna kilichoguswa. Nikacheka hadi nikakaa chini, na kitambaa nikakiacha hapo hapo.

Mwenzangu alifika kwa baiskeli kabla ya chakula cha mchana, kaseti mfukoni, akaona kile kitambaa. "Ai, mwalimu! Kwani mmelala? Yangu inachapa kazi, ungeona vile watu wamejaa kwa nyumba!"

"Imemaliza?"

"Imefika karibu nusu."

Nikainua kitambaa. Picha ilikuwa imerudi, na majina yangu yote yalikuwa yamejipanga kwa alama. Akasoma, akasoma tena, akatoa kaseti yake mfukoni. Furaha niliyoisikia sitaificha. Ilinijaa mpaka masikioni.

Tulipakia nusu yake, nikazima picha. Safari hii kitambaa nilikitandika mwenyewe. Mwenzangu alikaa mbele yake na kikombe cha chai, akikitazama kama mtu anayengoja githeri iive. Chapati hazijaisha kupikwa, kazi ikawa imekwisha. Tukaunganisha nusu mbili, tukanakili majina kwenye karatasi kwa zamu, tukapanda baiskeli zetu kwenda shuleni.

Mwalimu mkuu alisoma majina mbele ya wazazi, na akina mama wakapiga vigelegele kiasi kwamba ilimbidi asimame angoje. Baada ya mkutano aliniita kando.

"Niliambiwa ulikuwa unapika, na TV imefunikwa."

"Ndiyo, Mwalimu."

Alinitazama, akatazama zile karatasi, kisha akatoa funguo za kile chumba kwenye mfuko wa koti.

"Kaa nazo," akasema. "Hizo viti nitatafutia mahali."