Siku Tatu za Kubandika Namba

Niliajiriwa katika maktaba ya chuo kimoja mjini Iringa ili nifagie. Barua ya ajira ilisema mhudumu. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, mtoto wa muuza nyanya wa Mbalizi, niliyesoma kila karatasi iliyopita mbele yangu, hata zile za kufungia maandazi, lakini nisiye na cheti zaidi ya kile cha kidato cha nne. Nilifagia, nikapiga deki, nikafuta vumbi. Vitabu vilivyoachwa mezani nilivirudisha rafuni kwa kufuata namba zilizobandikwa migongoni mwake, na miezi ya mwanzo nilizifuata kama mtu anavyofuata namba za vyumba katika nyumba ya wageni, bila kujua ndani analala nani.

Aliyenitoa katika ujinga huo alikuwa mkutubi wetu, mzee wa Kihehe aliyebakiza mwaka mmoja na nusu kabla ya kustaafu. Asubuhi moja alinikuta nimesimama na ufagio kwapani, nasoma. Badala ya kunikaripia, akaniwekea mezani kitabu kipya kisicho na lebo.

"Hiki kinahusu nini?"

Nikasoma jalada. "Maji, mzee."

"Umekifungua?"

"Hapana."

"Sasa umejuaje? Watu wa Mbalizi bwana! Mmezoea kupanga nyanya. Kubwa nyekundu juu, zilizooza chini, mteja akajionee mwenyewe nyumbani kwake. Hapa hatupangi nyanya. Fungua."

Nikafungua. Kilikuwa kitabu cha sheria: nani ana haki ya kuchepusha mto, na nani ana haki ya kumshtaki. Mahali pake palikuwa kwenye sheria, si kwenye mabomba.

Tangu siku hiyo, kila alasiri baada ya deki, alinipa vitabu vitatu. Tazama jina, lakini usiliamini. Soma yaliyomo, soma utangulizi, jiulize mwandishi alitaka kumsaidia nani. Kisha shuka kwenye majedwali ya namba za mada, kutoka mia hadi kumi, kutoka kumi hadi moja, na baada ya nukta uzidi kubana. Kilimo ni mia sita na thelathini. Mifugo ni mia sita thelathini na sita. Ng'ombe ana nukta yake mwenyewe. Nilikosea sana. Kitabu cha ufugaji wa nyuki nilikiweka pamoja na wadudu waharibifu. Mzee akanitazama juu ya miwani na kuniuliza, "Nyuki wamekuharibia nini, mama?"

Kanuni moja hakuiruhusu ivunjwe hata siku tulipokuwa na haraka. Kabla ya lebo yoyote, namba iliyotokana na kusoma iandikwe kwa penseli nyuma ya ukurasa wa jina. Lebo hubanduka na wino huvuja, alisema, lakini penseli hubaki, na atakayekuja baada yako atajua kwamba mtu alikisoma kitabu hiki kabla ya kukipa makazi.

Chuo kilikuwa na nafasi moja kila mwaka ya kumpeleka mtumishi kusomea cheti cha ukutubi. Kilichohitajika ni barua ya mkuu wa chuo. Niliitaka barua ile kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka, na ni lazima niseme hivyo mapema, kwa sababu yote yaliyofuata yaliingia kupitia mlango huo.

Mzee alistaafu, akarudi Kilolo kwenye miti yake. Nafasi yake haikujazwa. Nilibaki na ufagio, funguo, na chumba cha nyuma kilichojaa maboksi ya vitabu vya msaada ambavyo havijapewa namba. Niliendelea peke yangu, vitatu kwa siku.

Jumatatu moja mkuu wa chuo aliingia maktaba, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Wakaguzi wanakuja Alhamisi," alisema. "Rafu za kule nyuma ziko tupu. Maboksi yale yatoke."

"Vitabu vile havijaainishwa, Mkuu. Kimoja kimoja, itachukua miezi."

"Nani amekwambia uainishe? Bandika namba."

"Namba zipi, Mkuu?"

"Namba, mama! Zimekwisha duniani? Anza mia moja, endelea. Wale watahesabu, hawatasoma. Na uvipange kwa urefu, vinavyolingana vikae pamoja, picha zitoke vizuri." Alifika mlangoni, akageuka. "Ile barua yako iko mezani kwangu. Tukimaliza hili, naisaini."

Ningeweza kukataa. Watu hupenda kusema kwamba mtu mdogo hana la kufanya. Huo ni uongo wenye starehe, na nimeuchoka. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na elimu niliyopewa bure na mzee wa watu, na nilikuwa na siku tatu za kuutumia mdomo huo. Nikautumia kulamba lebo.

Walinzi wawili wa getini walitumwa kunisaidia. Walikuwa watu wema, na kazi waliifurahia kama mchezo.

"Dada, huyu wa kijani nimpe ngapi?"

"Mpe mia tano."

"Mia tano nimeshampa yule mfupi."

"Basi mpe mia tisa," mwenzake akadakia. "Humwoni alivyorefuka? Huyo ni mia tisa kabisa!"

Walicheka, nami nikacheka. Sikuwekewa bunduki kichwani. Nilicheka kwa hiari yangu.

Siku ya kwanza, kila kitabu kilichopita mikononi mwangu nilikifungua haraka na kukiandikia namba yake ya kweli kwa penseli, nikijiambia kwamba nitarudi kurekebisha. Siku ya pili niliandikia nusu. Siku ya tatu penseli ilibaki mfukoni. Jioni ya siku hiyo nilishika kijitabu cha zamani chenye jalada la kahawia, kuhusu magonjwa ya ng'ombe katika mabonde yenye maji, na michoro ya ini na kwato iliyochorwa kwa mkono. Usangu ilitajwa karibu kila ukurasa. Nilijua ni nini na nilijua mahali pake. Nikakibandika mia mbili thelathini, kwenye mafundisho ya kanisa, kwa sababu kililingana urefu na majirani zake.

Wakaguzi walifika. Walitembea kati ya rafu mikono nyuma, wakahesabu safu, wakapiga picha. Mmoja alipitisha kiganja juu ya vitabu vilivyonyooka kama ukuta uliopigwa lipu, akasema hii ni maktaba yenye nidhamu. Hakuna hata mmoja aliyefungua kitabu. Watu waliosoma hadi nywele zikawatoka, waliolipwa kuja kutazama, hawakukitoa mahali pake hata kimoja! Nilisimama mlangoni nikiomba mmoja wao anifichue. Ijumaa barua ilisainiwa.

Wiki mbili baadaye alikuja mwanafunzi wa mifugo, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu kabla hajazaliwa. Alinisalimu kwa kupiga goti, kama alivyolelewa.

"Shikamoo, mama. Mwalimu amesema mna kijitabu cha magonjwa ya ng'ombe wa kule kwetu. Bila hicho ripoti yangu haikamiliki, na mwisho ni Ijumaa."

"Marahaba. Kipo. Nimekishika kwa mikono hii."

"Kipo rafu gani?"

Tulikitafuta tangu Jumanne. Nilikuwa nimekibandika kwa macho yaliyochoka na sikukumbuka namba wala urefu. Alhamisi alikaa sakafuni katikati ya vitabu, akaniuliza bila jeuri yoyote, kama mtu anayetaka kuelewa:

"Mama, si vina namba?"

"Vina namba."

"Sasa namba ni za nini?"

Aliwasilisha ripoti bila kijitabu, wakamfelisha, akaambiwa arudie somo mwaka unaofuata. Jumatatu yake nilikipata.

Nilimpigia simu mzee. Baada ya kamwene, salamu ya kwao, na habari za miti, nilimweleza yote.

"Penseli uliweka?" aliuliza.

"Siku ya kwanza, mzee."

"Na ya tatu?"

"Hapana."

"Umepanga nyanya," alisema, akakata simu.

Nilipeleka barua kwa mkuu wa chuo, nikaiweka mezani, nikamwambia kwamba sitakwenda kusoma mpaka nivisome na kuvipa namba upya vitabu vyote vya chumba cha nyuma.

"Nafasi haisubiri mtu, mama. Na kwa umri wako huo?"

"Najua."

"Kwa ajili ya kijitabu kimoja cha ng'ombe?" Alicheka kweli, hakuwa akiigiza. Nafasi ile alipewa katibu muhtasi wake, ambaye sikuwahi kumwona amevuka kizingiti cha maktaba.

Nilibandua lebo kwa kitambaa chenye maji ya moto na kisu cha jikoni. Gundi ilikuwa imara. Ndicho kitu pekee tulichokifanya vizuri siku zile tatu. Kila kitabu nilikisoma na kukiandikia namba kwa penseli kabla ya lebo mpya, nikianza na kile cha kahawia. Kazi ilinichukua miezi kumi na mmoja, vitabu vitatu, wakati mwingine vinne kwa siku, baada ya deki. Leo nafanya kazi hiyo hiyo Mbeya, cheti nilikipata kwa kuchelewa, na bado naletewa maboksi na watu wazima wenye tai wakiniambia nivijaze tu rafuni, wageni wanakuja. Siwajibu kwa upole. Upole wangu uliishia Iringa.

Kabla sijaondoka Iringa, muhula ulipofunguliwa, yule binti alirudi kurudia somo lake. Sikuwa nimemwambia kwamba kijitabu kimepatikana. Niliona aibu, na aibu hiyo nayo ilikuwa uvivu. Hakuja mezani kwangu kuuliza. Alisoma vibao vya rafu, akapita dini, akapita sheria, akafika mia sita thelathini na sita, akainama, akakitoa kijitabu cha kahawia kama mtu anayechukua kitu chake nyumbani. Akakifungua, akageuza ukurasa wa jina, akaitazama namba ya penseli, kisha lebo mpya, kisha tena penseli.

Akakileta na kukiweka mbele yangu. Hakupiga goti. Hakunisalimu. Nilikigonga muhuri, nikamsogezea, akaondoka nacho.