Makofi ya Baba Mkubwa

Jani la mgomba likipitishwa juu ya moto hulegea, hung'aa, kisha hutoa harufu ya moshi na majani mabichi. Mama bado hufunikia wali kwa majani hayo, na mimi nikiisikia harufu ile hamu ya kula hunitoka. Watu hudhani nachagua chakula. Mimi si msemaji, na hata kuandika naandika polepole, kwa hiyo nivumilieni.

Nilikuwa na miaka kumi wakati dada yangu Subilaga alipomaliza kidato cha nne. Subi alikuwa kiziwi tangu alipougua homa akiwa mdogo. Alisoma mbali, na viziwi wenzake, akirudi kwetu Lufingo mara moja kwa mwaka, vidole vyake vikiwa vimejifunza mambo mapya. Nyumbani tulikuwa na ishara zetu chache tu: njoo, kula, lala, mvua. Hasa mvua. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja ndiye niliyemwelewa kuliko wote.

Alipofaulu, baba akasema lazima tumfanyie sherehe. Mwaka ule kiwanda cha chai kilikuwa kimeuzwa na baba alikuwa amepunguzwa kazi, lakini alichinja beberu na kuazima turubai la kanisani, na mama akafunika masufuria ya wali kwa majani ya mgomba. Kutoka Masoko alikuja Lusajo, kijana kiziwi aliyemaliza na Subi, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Kutoka Mbeya alikuja baba mkubwa na pikapu yake. Mitumba ilikuwa imeanza kumwagika kila soko, naye aliiwahi biashara hiyo. Alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vinne.

Kwetu, jambo likiombwa mbele ya ukoo, watu wakiwa wameshakula, ni vigumu mtu kulikataa. Ukimfuata kwake peke yako, sababu za kukataa hazikosekani. Subi alilijua hilo.

Bibi alikwisha kushukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, ndaga fijo, mpaka akakaa chini kwa kuchoka. Ndipo Subi akasimama. Baba akaniita.

"Atu, kasimame na dada yako. Wewe ndiye mdomo wake."

Nikasimama, macho kwenye vidole vya miguu yangu. Mikono ya Subi ilikwenda kasi. Nyingi zilikuwa ishara za shuleni, sikuzijua. Kuna moja aliirudia, kidole kikigusa kidevu, nikadhani panamuwasha. Lakini nyingine zilikuwa zetu. Alimwonyesha baba mkubwa. Akaunganisha vidole kama paa la nyumba. Akajigusa kifuani, akalaza shavu kwenye kiganja. Akashona hewani kwa sindano isiyokuwepo. Kisha akanitazama, akarudia taratibu, kama mtu anayemmenyea mtoto ndizi.

Nilielewa kwamba anaomba kwenda kuishi kwa baba mkubwa. Lakini mimi, mtoto wa darasa la nne, nimwombe mzee kitu kama hicho mbele ya watu wote wale? Nikarudisha macho kwenye vidole vya miguu.

"Sema basi, binti," baba mkubwa akatania. "Sisi wengine tunasikia."

Watu wakacheka.

"Anasema asante kwa kuja," nikasema. "Anasema Mungu awabariki."

Makofi yalishinda kelele za mvua juu ya turubai. Baba mkubwa alisimama kabisa, akapiga kuliko wote, akimwitikia Subi kwa kichwa kwa furaha. Lusajo akainua mikono juu akaitikisa, ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Bibi akadhani anafukuza nyuki. Subi aliitazama mikono ya baba mkubwa inavyogongana, uso wake ukafunguka. Akanikumbatia hadi mbavu zikaniuma.

Jioni, pikapu ilipowashwa, Subi alitoka ndani na sanduku lake la bati kichwani. Akalipakia nyuma, akapanda, akakaa juu yake.

"Na huyu anakwenda wapi?" baba mkubwa akauliza.

Baba akanigeukia. Nikasema sijui.

Walimteremsha kwa upole, wakicheka, wakiamini anataka kutembezwa kidogo. Pikapu ikashuka mlima. Subi alibaki barabarani na sanduku, mvua ikimnyeshea.

Kesho yake aliniandikia kwenye daftari: Uliwaambia nini? Nilichukua muda mrefu kuandika neno moja, asante. Alilisoma, akafunga daftari. Hakunipiga. Kisha akamwandikia baba ombi lake lote, na baba akapanda basi kwenda Mbeya. Alirudi na jibu kwamba nyumba imejaa, na kwamba mke wa baba mkubwa hajui ataishije na bubu.

Subi sasa anachuma chai. Mimi niliishia darasa la saba. Jioni, tukimsaidia mama jikoni, hunifundisha ishara za shuleni, na mwaka jana nilimwomba arudie maneno ya siku ile. Aliweka kisu chini, akayarudia yote. Baba mkubwa, nipokee nyumbani kwako. Chuo cha ushonaji kimenikubali, ila hakina bweni. Nikianza kushona nitamsomesha mdogo wangu mpaka amalize kama mimi.

Hilo "mdogo wangu" alilisema kwa kidole kwenye kidevu. Ni jina alilonitungia akiwa shuleni, kwa sababu ya jinsi ninavyoinamisha uso mbele za watu.