Mjomba wa Namba Kumi na Tisa

Octave hakuwahi kugusa nguo ya mteja kabla ya kushona mstari mmoja kwenye kitambaa chakavu. Hata kama mteja amesimama mlangoni na teksi inapiga honi, angechukua kipande kutoka boksi la chini ya meza, akakipitisha kwenye cherehani, akakigeuza na kutazama upande wa nyuma ambako makosa ya uzi huonekana, ndipo aseme, "Bon, lete." Nilimfahamu kwa miaka kumi na mmoja na sikuona siku hata moja akiuruka mstari huo.

Alikuwa fundi nguo kutoka Uvira, Kongo. Alipanga Bellevue, Johannesburg, kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa kwa mbao hadi ikawa na milango tisa, na chumba cha mbele kinachotazama barabara kilikuwa duka lake. Alifariki Novemba mwaka juzi, kwa presha, akiwa na miaka hamsini na mbili. Mimi nilikuwa Kigoma nikimuuguza mama. Waliomzika walinitumia picha ya kaburi kwa simu, na kwenye picha ile mtu mmoja ameweka kidole chake kwenye kona ya kioo cha kamera, kwa hiyo sehemu ya udongo sijaiona mpaka leo.

Katika miaka yote hiyo alitaka kitu kimoja tu, kumwona mwanawe. Mtoto alikuwa Marekani, na kwenye karatasi za Marekani hakuwa wake.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2010 dada yake mkubwa, Célestine, mjane mwenye mabinti wawili, aliitwa kwenye mahojiano ya wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu. Wakongo wa mitaa yetu wakati huo walikuwa na jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyejua limetoka wapi: faili la mjane mwenye watoto wengi huenda haraka, la mwanamume mzima mwenye kazi mikononi hukaa. Mke wa Octave, Falonne, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mtoto wao Exaucé alikuwa na miaka mitano. Basi wakamwandika kwenye faili la Célestine kama mwanawe wa kumzaa, na Octave angefuata baadaye. Alimfundisha mtoto mwenyewe, kwa siku tatu, kumwita shangazi yake Mama na kumwita yeye Mjomba.

"Alijifunza upesi kuliko nilivyotaka," aliniambia.

Faili la Octave halikuitwa kamwe. Exaucé alikua akizungumza Kiingereza tu, na kwenye simu alijua kusema "Shikamoo, Mjomba," kisha kimya. Kwa kuwa mimi nafundisha Kiingereza katika shule moja ya Observatory, Octave alianza kuniomba nikae naye wanapopiga. Nilitafsiri habari za theluji, za mitihani, za goti lililovimba. Kila mara kijana alipotamka lile neno Mjomba, Octave aliangalia sindano.

Kisha mwaka 2023 Célestine akatuma picha. Exaucé alikuwa amechukuliwa na chuo kiitwacho Tolliver, achezee timu yao ya mpira wa Marekani, ule wa kubeba kwa mikono na kugongana. Yeye alikuwa mpigaji. Kazi yake ilikuwa kuingia uwanjani mara chache, kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya milingoti miwili, na kutoka. Jezi namba kumi na tisa.

"Wote wanabeba, yeye peke yake anapiga," Octave aliwaambia wateja wote wa wiki ile. "Kwa kushoto!"

Aliuliza kama tungeweza kumwona kwenye televisheni. Nikatafuta, na jibu ndilo lililotuingiza kwenye mambo yale. Vyuo vya huko hucheza kwa makundi, na kila kundi huitwa konferensi. Konferensi kubwa zina mikataba na televisheni, na mechi zake hufika hata Johannesburg, kwenye chaneli za michezo. Konferensi ya Tolliver ilikuwa ndogo, haikutufikia. Lakini mwaka ule vyuo vilikuwa vinahama. Vilivyokaa pamoja miaka themanini vilikuwa vinaachana ndani ya wiki moja, na vya pwani ya magharibi vilitafuta wenzao upande wa mashariki. Jina la Tolliver lilitajwa miongoni mwa vinavyoweza kuchukuliwa na konferensi kubwa.

"Chuo kinahamaje?" aliuliza Gustave, mlinzi wa duka la samani Malvern, siku alipoleta suruali ya sare ipunguzwe. "Kinabeba majengo?"

"Kinabaki palepale," Octave akasema. "Kinabadilisha watu wa kucheza nao."

"Aa. Kama mchungaji wetu."

Médiatrice, Mrundi msusi wa mlango wa tatu, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauliza, "Na wale walioachwa kwenye konferensi ya zamani, wanafanywaje?"

"Wanangoja, dada," alisema Octave.

Gustave akaangalia suruali yake.

Kila siku saa tisa nilipotoka shuleni nilimsomea yaliyoandikwa. Yalikuwa mengi ajabu. Watu wazima walikesha wakikisia nani ataitwa, nani ataachwa, kura ngapi zinahitajika, rais wa chuo gani ameonekana uwanja gani wa ndege. Mimi niliona ni upuuzi. Octave alisikiliza kama mtu aliyerudi kazini kwake. Alikuwa amesimama miaka kumi na mitatu kwenye mistari ya ofisi za vibali, ambako habari ndizo chakula, na aliweza kuupima uvumi kwa kuusikia tu.

"Huyu hajui kitu. Amesema 'inasemekana' mara tatu."

"Na huyu? Anasema amezungumza na mtu wa karibu na bodi."

"Mtu wa karibu na bodi ni mfagiaji. Lakini wafagiaji wanajua. Soma tena."

Juu ya karatasi ya kukatia mitindo alichora miduara kwa chaki, kila konferensi na wake, na ndani yake akapanga vifungo. Kila chuo kilikuwa kifungo. Tolliver ilikuwa kifungo cheusi cha koti. Nilipomsomea habari mpya alisogeza vifungo kwa kidole kimoja, polepole, na kile cheusi alikiweka mpakani, juu ya mstari wenyewe. Hakukiingiza. Jumapili aliwaomba watu wa kanisa lake la Jules Street wakiombee chuo. Mchungaji alikiita Tolivé na hakuuliza ni nini, nao waliomba kwa nguvu, wengine wakidhani ni jina la mgonjwa.

Tangazo lilitoka Agosti. Nilimsomea nikiwa nimesimama mlangoni. Hakufurahi mara moja. Aliuliza kama jina limeandikwa lenyewe au limo tu ndani ya maneno "na vyuo vingine". Nilimwonyesha lilivyoandikwa. Akalifuata herufi kwa herufi, kisha akaketi na kuingiza kifungo cheusi ndani ya duara, na mkono wake ukabaki juu yake kwa muda mrefu, umekifunika.

Uhamisho ungeanza msimu uliofuata. Alingoja mwaka mzima bila kulalamika.

Mechi ya kwanza ya Tolliver kuonyeshwa kwetu ilikuwa Jumamosi ya Septemba, saa kumi na mbili jioni. Murielle, mwenye mgahawa uliokuwa na dishi, alikubali kutufungulia chaneli ile ingawa wateja wake walitaka mpira wao. Octave alikuja amevaa suti ya kijivu aliyojishonea. Alikaa mbele kabisa. Gustave alikuja, Médiatrice alikuja na mteja aliyesukwa nusu kichwa.

"Nusu saa tu, Papa Octave," Murielle alisema. "Hawa watanivunjia viti."

"Nusu saa inatosha. Yeye akiingia mara moja tu, mimi natoka."

Walianza kugongana. Hatukuelewa mengi. Gustave aliuliza kwa nini wanasimama kila sekunde kama teksi mbovu, mtu akamwambia anyamaze. Kisha Tolliver walikwama karibu na milingoti, na mimi niliyekuwa nimesoma kanuni nikamgusa bega Octave, kwa sababu ndio wakati mpigaji huitwa. Akasimama. Hata waliotaka mpira wao wakageukia televisheni kwa heshima yake.

Aliyeingia alikuwa na namba nne mgongoni. Alipiga kwa kulia, na mpira ukapita katikati.

Watu wa mgahawa walipiga makofi. Médiatrice alipiga kigelegele. Hawakujua namba.

Octave aliendelea kusimama. Kamera ikapita kwenye benchi la wachezaji, safu ya helmeti zote za rangi moja, nyuso hazionekani, na akanyoosha kidole. "Huyu," alisema. "Huyu wa pili. Ni yeye, anavyokaa." Wote wakatazama na kukubali kwamba ndiye. Mimi niliiona namba ya yule kijana alipogeuka, ilikuwa sitini na kitu.

Habari zilifika kutoka kwa Célestine siku mbili baadaye. Kwa kuwa Tolliver sasa ilikuwa kwenye konferensi kubwa, kocha alipata nguvu ya kuchagua, na alikuwa amemchukua mpigaji mzoefu kutoka chuo kingine. Exaucé aliondolewa kabla ya msimu kuanza. Aliona haya kusema. Kwenye konferensi ndogo ya zamani angekuwa anapiga kila wiki, pasipo mtu wa kumwona isipokuwa wenzake na wazazi wao.

Nilimsomea ujumbe huo Octave akiwa anapinda gauni la arusi. Alimaliza upindo. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, wakati ule tulikuwa tunaomba nini?"

"Tuliomba umwone."

"Mimi niliomba kihame. Kimehama." Akakata uzi. "Ni mara ya pili namhamisha mtoto huyu."

Nilitaka kumwambia kwamba maombi ya kanisa la Jules Street hayakuhusika na uamuzi wa kocha. Nikamwangalia, nikaona kwamba hilo analijua tayari na halimsaidii.

Toka siku ile alikonda. Vidonge vya presha alivisahau, au alisema amevisahau. Karatasi ya miduara aliikunja akaikata mitindo ya makoti ya watoto.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba nilipita dukani kumuaga, kwa sababu nilikuwa na basi la kwenda kwa mama asubuhi iliyofuata. Simu yake ikalia tukiwa tunaongea. Alikuwa Exaucé mwenyewe. Miaka yote hiyo hakuwahi kupiga bila Célestine pembeni. Octave aliiweka simu mezani kati yetu, akabonyeza isikike kwa wote wawili.

Kijana alisalimia kwa haraka, kisha akaendelea kwa Kiingereza, nami nikatafsiri. Alisema ameacha mpira kabisa. Alisema amegombana na mama yake kwa ajili hiyo, na mama yake kwa hasira amemwambia kwamba ameuharibu mguu ambao hata hakuurithi kwake, ni wa baba yake. Lakini baba aliyeonyeshwa kwenye picha, mume wa mama, alikuwa mlemavu wa miguu tangu utoto. Alimuuliza mama alimaanisha nini, na mama akaingia chumbani akafunga mlango.

Nilitafsiri yote hayo. Octave alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Dada yangu mkubwa amenieleza kwamba wewe ulicheza mpira Uvira," sauti iliendelea. "Winga. Kwa kushoto. Ni kweli?"

"Mwambie ni kweli."

Nikamwambia. Nyuma ya ile sauti magari yalikuwa yanapita, mahali ambako bado ni asubuhi.

"Mjomba," alisema, na lile neno alilitamka kwa Kiswahili, akaendelea kwa Kiingereza, taratibu sana, kama mtu anayehofia kuangusha kitu. "Wewe ni nani kwangu?"

Sikuhitaji kutafsiri. Kiasi hicho cha Kiingereza Octave alikuwa nacho. Alifunika simu kwa kiganja. Wiki ile kanisani watu walikuwa wamesema kwamba mafaili ya zamani yanafunguliwa upya huko Marekani, kwamba anayekutwa na jina la uongo hurudishwa yeye na aliyemwandika. Ilikuwa kweli au haikuwa, sijui. Najua yeye aliupima uvumi huo kama alivyopima mingine yote, na safari hii hakucheka. Karatasi zote za kijana zilisimama juu ya neno moja alilofundishwa kwa siku tatu.

Alitoa kiganja.

"Mwambie kwetu watu wa kushoto ni wengi. Hata mama yake akiwa mdogo alikata mboga kwa kushoto mpaka bibi akamchapa. Ni ukoo. Mwambie mimi ni mjomba wake, na namwombea."

Kijana alikuwa anangoja. Tulisikia pumzi yake. Octave alisogeza simu karibu nami.

"Tafsiri hivyo hivyo, Mwalimu. Usiongeze neno."