Chumvi Kama ya Machozi

Pakiti za dawa ya kuchanganya na maji zimeisha katika hema letu la kipindupindu, kwa hiyo nimechemsha mchele. Harufu yake imenirudisha utotoni Mikelenge, jikoni kwa bibi.

Vita ilikuwa imesimamisha treni, na chumvi ilikuwa imepotea sokoni. Bibi alikuwa amebaki na kijiko kimoja tu, amekifunga kwenye pindo la kitenge chake. Siku hiyo mdogo wangu aliharisha tangu alfajiri, macho yakamwingia ndani.

"Usimupe maji, mama," majirani walisema. "Itamuzidishia."

Bibi alichemsha mchele. Alifungua pindo, akatia chumvi katika maji ya mchele, akanionjesha.

"Iko kama machozi yako?"

"Inazidi, bibi."

Akaongeza maji. Alimnywesha kidogo kidogo mpaka jua likapinda, huku majirani wakisubiri kilio. Ndipo mdogo wangu akafumbua macho.

"Bibi, niko na njala."

Bibi alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

Leo nimeonja mwenyewe kwanza, kisha nikamnywesha mtoto aliyeletwa asubuhi. Sasa hivi ameomba chakula. Wauguzi wananitazama: daktari mzima, napiga vigelegele.