Poda Niliyovaa Bila Kufaulu

Nakumbuka, mwanangu, ile siku poda ilipoisha katika maduka yote ya mji wetu wa Baraka. Desturi yetu unaijua: mwanafunzi akifaulu mtihani wa Serikali anamwagiwa poda nyeupe kichwani, anatembezwa mjini kwa nyimbo, na bamama wanapiga vigelegele mpaka sauti zinakauka. Siku hiyo ilikuwa zamu ya darasa letu. Orodha ilibandikwa ukutani, nikajipenyeza, nikatafuta jina langu, Mauwa. Nikatafuta tena kutoka chini kwenda juu. Halikuwepo.

Kabla sijageuka kuondoka, poda ikanishukia kichwani, pwaa! Rafiki yangu Riziki, niliyekaa naye benchi moja miaka sita, alikuwa amenimwagia kopo zima. Nikadhani hajaisoma orodha vizuri, furaha imempofusha. Hapo ndipo ilinipasa kusema ukweli. Lakini bamama walikwisha kuanza vigelegele, watu wananivuta mkono, ngoma inalia, nami nikacheza! Ndiyo, nilicheza, tena nilikatika kuliko waliofaulu. Usinicheke. Au cheka tu, hata mimi nacheka sasa.

Jioni niliosha kichwa ziwani, nikamwambia mama ukweli. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno mengi. "Kuteleza si kuanguka," alisema. "Mwaka ujao utarudi kwenye benchi. Sasa uende kwa Riziki, umwambie." Nikamjibu kwa kiburi kwamba heri nife. Alfajiri nikashika njia ya Lubondja kwa shangazi yangu. Huko nikajifunza kushona, nikaolewa, nikaja kuishi Lweba na mume wangu. Mtihani sikuurudia, na Riziki sikumuaga.

Sasa sikiliza upumbavu wa mtu mwenye aibu. Miaka thelathini na kitu niliwakimbia wenzangu. Nikimwona mmoja sokoni, nahamia kwa wauza ndagala, najifanya nachagua samaki. Riziki mwenyewe alikuja Lweba kuniulizia, nikajifungia ndani, nikawaambia majirani waseme nimesafiri. Mara mbili! Mara ya pili aliniachia mkungu wa ndizi mlangoni, na ndizi zenyewe nikazila bila haya.

Lakini milima haikutani, binadamu hukutana. Mwaka jana wenzetu wakaunda grupu kwenye simu, wakapata namba yangu kwa mteja wangu mmoja. Tukaitwa Baraka, nyumbani kwa Riziki, kila mmoja aje aeleze maisha yamempeleka wapi. Kukataa nilishindwa, maana hamu nayo inauma. Nikashona nguo mpya, na uongo nikaushona vilevile: kwamba diploma yangu ilipotea tukikimbia vita.

Tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, kisha habari zikaanza. Alimasi, bingwa wetu wa hesabu, ambaye wote tulidhani atakuwa waziri, akasimama na tumbo lake. "Mi niko mulimaji kule Kilembwe," akasema. "Chuo kikuu kilinishinda mwaka wa kwanza. Lakini mihogo yangu, mukiiona mutalia!" Watu wakapiga meza kwa kicheko, wakamshangilia kuliko hata yule aliyekuja na gari. Nikashangaa. Kumbe mtu anaweza kusema kimenishinda, na bado akaongezewa sombe?

Zamu yangu ikafika. Ule uongo ukanikauka mdomoni. "Mi ni mushonaji, niko Lweba," nikasema. "Na ile mwaka sikufaulu. Jina yangu haikukuwa kwenye liste. Niliwadanganya wote."

"Aka!" Alimasi akasema. "Si tuliisoma wote ile liste?"

Riziki akainuka, akanishika mashavu kwa mikono miwili, na alikuwa mkali kabisa. "Mauwa, mi niliona jina yako haiko. Ndiyo maana nilikumwangia poda. Nilisema sitakubali we peke yako upite katikati ya watu na kichwa cheusi. Kesho yake nilikuja kwenu, tulie pamoja, halafu nikusaidie kusoma. We ulikuwa umeshaenda."

Mwanangu, nililia, nikacheka, nikalia tena. Nilimkimbia miaka yote hiyo, naye alikuwa akijua kila kitu tangu asubuhi ya kwanza, na alinipenda hivyohivyo. Siku hizi huja Lweba kila Jumamosi, tunapiga soga mpaka mume wangu anauliza kama leo kuna kula. Furaha ninayo tele. Ila Riziki alizaa watoto watano, na mimi, rafiki yake wa benchi moja, sikumbeba hata mmoja.

Basi shika neno langu. Wazee walisema mficha uchi hazai. Ukikosa, sema nimekosa, na uwaambie kwanza wale mnaopendana, kabla aibu haijakufundisha njia za kuwakwepa. Na wenzako wa shule wakikuuliza umefikia wapi, wape habari zenyewe, za mihogo au za gari. Wanakuuliza kwa sababu wamekukumbuka wewe, diploma yako hawana kazi nayo.

Mungu akupe marafiki wa kukufunika siku ya kukosa kwako, akupe na ujasiri wa kubaki karibu nao. Uwabebe watoto wao, nao wabebe wako, mzeeke pamoja mkitaniana. Amina, mwanangu.