Kofia za Bure za Duka la Mabati

Juzi nilikuwa kwenye duka jipya la mabati hapa Babati. Mwenye duka alikuwa akinilalamikia kwamba amegawa kofia za bure mji mzima, zenye namba yake ya simu, lakini hakuna anayempigia. Akaingia mama mmoja wa Nangara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ile namba ya kwenye kofia zako ni yangu."

Mwenye duka akavua kofia yake, akaisoma tarakimu moja moja, akakaa chini.

"Samahani sana, mama. Wamekusumbua?"

"Hapana. Wakiulizia mabati nawaambia nauza mayai, na wengi wananunua. Nimekuja kukuuliza, hizi kofia utazipeleka lini kule Bonga, nje ya mji?"

Matangazo yanalipa, sasa naamini. Ila hayachagui wa kumlipa.